Sura ya Tano: Ada ya Novemba, Alizeti ya Juni

Singida ina msimu mmoja wa mvua. Huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Alizeti hupandwa Desemba na Januari, huvunwa kuanzia Mei, na kufikia Julai magunia mengi yameshapimwa na kupakiwa kwenye malori. Fedha ya mwaka mzima huingia ndani ya wiki chache hizo. Chuo kikuu hakina habari na kalenda hiyo. Hufungua milango mwishoni mwa Oktoba au Novemba, wakati mkulima wa Ikungi au Mkalama ananunua mbegu, anatafuta jembe la kukokotwa na kuanza kupima unga kwa kikombe. Semesta ya pili nayo huanza shamba likiwa bado na maua.

Wazazi wengi huniambia kuwa ada imewashinda. Tukikaa na kalamu, mara nyingi tunagundua kwamba kilichowashinda ni mwezi. Kaya iliyopitisha mkononi shilingi milioni mbili mwezi Juni inashindwa kutoa laki tano mwezi Novemba. Sura hii inaeleza bili ya chuo imejengwa na nini, mkopo wa serikali unalipa kipi na kuacha kipi, na namna ya kuifanya fedha ya Juni iwepo Novemba.

Bili ina tabaka tatu

Kijana anapopata nafasi, chuo humpa maelekezo ya kujiunga yenye mchanganuo wa malipo. Wengi husoma mstari mmoja tu, ule wa ada ya masomo. Katika vyuo vikuu vya umma, shahada nyingi za sanaa, ualimu na biashara zimekuwa zikitozwa karibu shilingi milioni moja hadi milioni moja na nusu kwa mwaka. Udaktari katika chuo binafsi unaweza kuvuka milioni tano. Hilo ni tabaka la kwanza.

Tabaka la pili ni mistari midogo iliyo chini yake: usajili, mitihani, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, fedha ya tahadhari ambayo hurudishwa mwisho wa masomo kama hujavunja kitu. Humo pia kuna shilingi 20,000 za udhibiti ubora zinazokwenda Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na shilingi 50,400 za bima ya afya kwa mwanafunzi asiye na bima nyingine. Kila mstari peke yake ni mdogo. Ukijumlisha, unaweza kuvuka laki mbili, na kwa kawaida fedha hiyo hutoka mfukoni mwa mwanafunzi siku ya usajili, awe na mkopo au asiwe nao.

Tabaka la tatu halijaandikwa popote. Ni chakula, nauli, godoro, ndoo, simu yenye uwezo wa kufungua maandishi ya mhadhiri, na kodi ya chumba kwa aliyekosa hosteli. Mwenye nyumba wa Dodoma au Dar es Salaam hataki kodi ya mwezi mmoja, anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Ndiyo maana vijana hubebana, wawili kitanda kimoja, mmoja akiwa na jina kwenye orodha ya hosteli na mwingine akiwa mgeni wa kudumu.

Sasa linganisha tabaka hizi. Serikali yenyewe, kwa ajili ya mikopo, hukadiria chakula na malazi ya mwanafunzi kuwa shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichopandishwa miaka ya karibuni kutoka 8,500. Tukichukua siku 240 za masomo kwa mwaka kama hesabu ya mfano, hiyo ni shilingi 2,400,000. Ada ya milioni moja, inayoogopwa na kila mtu, haifiki nusu ya gharama ya kula na kulala. Mzazi anayechagua chuo kwa kulinganisha ada pekee ameangalia sehemu ndogo ya bili. Umbali kutoka nyumbani una bei kubwa kuliko tofauti ya ada kati ya chuo kimoja na kingine.

Bili ilivyorudi nyumbani

Wazee waliosoma zamani husimulia kwamba walikwenda chuo na begi tu, na ni kweli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, taifa lilikuwa na wasomi wa kuhesabika, na katika miaka iliyofuata serikali ilibeba gharama za wanafunzi wake. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi hao na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, amewasaliti waliobaki. Oktoba 22, 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi wao, Mwalimu aliwafukuza zaidi ya mia tatu na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Elimu ilikuwa bure, lakini ilikuwa na deni la utumishi.

Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, serikali ilianza kuzungumzia uchangiaji wa gharama. Mwaka wa masomo 1992/93 familia zilianza kubeba vitu kama nauli na usajili. Mwaka 1994 ukaja mkopo wa chakula na malazi. Sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoanza kazi Julai 2005. Mwaka wake wa kwanza Bodi ilihudumia wanafunzi zaidi ya 42,000. Siku hizi inahudumia zaidi ya 200,000, na bajeti ya mikopo ya mwaka 2024/25 ilikuwa karibu shilingi bilioni 787.

Wakati chuo kikiongezewa bili, shule zilipunguziwa. Ada ya sekondari ya kawaida iliondolewa kuanzia Januari 2016. Juni 2022 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, mbunge kutoka Iramba hapa hapa Singida, alisoma bajeti iliyofuta na ada ya kidato cha tano na sita. Ni nafuu kubwa, ila ina upande wa pili. Mzazi anayempeleka mtoto Shule ya Sekondari Mwenge au Lulumba amezoea miaka kumi na mitatu ya michango, sare na madaftari bila kuona karatasi iliyoandikwa neno ada. Ya kwanza anayoiona ni ya chuo kikuu, na ina tarakimu saba.

Mkopo unalipa nini

Mkopo wa Bodi umegawanywa mafungu. Fungu la ada huenda moja kwa moja chuoni, mwanafunzi halioni. Fungu la chakula na malazi ndilo wanafunzi wanaloliita bumu. Hutolewa kwa awamu za takriban siku 60, na mwanafunzi hulipokea kwenye akaunti yake baada ya kusaini kwa alama ya kidole. Kuna fungu la vitabu na viandikwa, shilingi 200,000 kwa mwaka, na fungu la mafunzo kwa vitendo, yaani fildi. Kozi kama udaktari na uhandisi zina mahitaji maalumu yenye fungu lake.

Mwanafunzi anaweza kupata mafungu yote kamili, au akapata baadhi, au akapewa asilimia ya ada tu. Bodi huangalia uhitaji: yatima, mwenye ulemavu au mwenye mzazi mwenye ulemavu, mtoto wa kaya iliyo kwenye mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, aliyesomeshwa sekondari na mfadhili. Huangalia pia kozi, na zile zinazohesabiwa kuwa kipaumbele cha taifa hutangulia. Asiyeridhika na alichopangiwa hufunguliwa dirisha la rufaa. Watu wengi wa vijijini hawalitumii kwa sababu wanadhani jibu la serikali likishatoka limetoka.

Kuna fedha ambayo si mkopo kabisa. Tangu 2022/23 serikali hutoa Samia Skolashipu kwa wahitimu wa kidato cha sita wenye ufaulu wa juu katika masomo ya sayansi wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Haidaiwi. Mwanafunzi wa mchepuo wa sayansi aambiwe habari hiyo akiwa kidato cha tano, ajue alama zake zina thamani gani.

Kupima uhitaji ni kazi ngumu mahali ambapo mzazi hana hati ya mshahara. Mtu mwenye ng'ombe kumi na wawili na nyumba ya bati ana uwezo au hana? Inategemea mwaka. Msimu wa 2023 bei ya alizeti iliporomoka, na kaya iliyoonekana ya wastani mwaka uliotangulia ikawa haina kitu. Wenzetu wa Kenya walijaribu mwaka 2023 kuzigawa kaya katika makundi matano na kumpa kila mwanafunzi ruzuku na mkopo kulingana na kundi lake. Malalamiko ya kupangwa kundi lisilostahili yalikuwa mengi, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mpango huo unakiuka katiba, shauri likaendelea katika rufaa. Tanzania ina kipimo chake, nacho kinasoma karatasi. Kaya ambayo umaskini wake haujaandikwa popote haionekani.

Foleni ya Agosti

Ingia steshenari yoyote karibu na stendi ya Singida mjini mwezi Agosti. Kuna kompyuta mbili, mashine ya kudurufu inayounguruma, na benchi lililojaa vijana wenye bahasha za kaki. Kila bahasha ina cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne na cha sita, picha ndogo ya pasipoti na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, iliyoandikwa kwenye kipande cha daftari. Kijana wa kaunta anafungua mfumo wa Bodi uitwao OLAMS, anaomba namba ya malipo, muombaji analipa shilingi 30,000 kwa simu, kisha wanaanza kujaza. Fomu ikishachapwa inarudi kijijini ikasainiwe na mzazi, mdhamini, mtendaji na kamishna wa viapo, halafu inarudi tena mjini kuskaniwa na kupandishwa. Kwa mtu wa Nduguti au Mgandu hiyo ni nauli mara mbili, na pengine usiku mmoja kwa ndugu.

Karatasi nyingi hukwama kwa jambo dogo. Katika ofisi za vijiji mazungumzo kama haya ni ya kawaida:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta fomu ya huyu binti, anakwenda chuo."

"Hongera sana. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Ramadhani, cha shule kimeandikwa Ramadhan. Lipi ni jina lake?"

"Ni huyo huyo."

"Mimi namjua ni huyo huyo, mzee. Kompyuta haimjui."

Herufi moja inadai hati ya kiapo, na hati ya kiapo inadai siku nyingine na fedha nyingine. Cheti cha kuzaliwa chenyewe lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kuambatishwa, na cha kifo cha mzazi vilevile. Kuna mayatima wa kweli wanaoomba kama watoto wenye wazazi wawili kwa sababu baba alizikwa kijijini na hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo.

Kibaya zaidi ni majira. Kidato cha sita humaliza mitihani Mei. Wengi wao huitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, mafunzo ya takriban miezi mitatu, na dirisha la mikopo katika miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa Juni na kufungwa Agosti. Kijana yupo kambini huku karatasi zake zipo kabatini Kiomboi. Basi kazi hii ifanywe mapema. Cheti cha kuzaliwa kilinganishwe na majina ya shule kabla mtoto hajasajiliwa mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa baada ya hapo kila kosa lina gharama. Kifo kiandikishwe mwaka kinapotokea. Na anayekuja nyumbani akisema ana mtu wake Bodi, mumpe shilingi laki mbili mkopo utoke, huyo ni tapeli. Ada ya maombi ni moja, na hulipwa kwa namba iliyotolewa na mfumo.

Deni linaporudi

Mkopo ni deni, na hesabu yake ifanywe mbele ya mtoto kabla hajasaini. Chukua shahada ya miaka mitatu yenye ada ya milioni moja. Ada ni 3,000,000. Chakula na malazi kwa siku zetu 240 ni 7,200,000. Vitabu 600,000. Fildi ya siku 56 kwa shilingi 10,000, mara moja, ni 560,000. Jumla ni shilingi 11,360,000. Akiajiriwa kwa mshahara wa msingi wa 800,000, mwajiri atamkata asilimia 15, yaani 120,000 kila mwezi. Atamaliza baada ya karibu miaka minane.

Asilimia hiyo ilikuwa 8 hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2016. Zamani pia deni liliongezeka kwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Mtu aliyekatwa kwa miaka aliweza kuona salio likipanda badala ya kushuka. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondoa nyongeza hiyo siku ya Mei Mosi, 2021, kule Mwanza, na faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa ikafutwa mwaka huohuo. Deni la leo kwa hiyo halikimbii mbele ya mlipaji. Likilipwa linapungua.

Marejesho huanza miezi 24 baada ya kumaliza au kukatisha masomo. Aliyejiajiri hatakiwi kusubiri mwajiri. Anapaswa kulipa mwenyewe, na kiwango cha chini kimekuwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Hapa familia ya Singida ijiulize jambo moja. Kifungua mimba atakuwa anakatwa 120,000 miaka ileile ambayo mdogo wake anaingia chuo, na nyumbani watamtazama yeye. Mshahara wa 800,000 wenye makato ya Bodi, mfuko wa hifadhi ya jamii, kodi na bima hauwezi kusomesha mtu mwingine peke yake. Anayempangia mdogo mtu mpango wa "kaka atasaidia" ajue kaka atabaki na ngapi.

Kuhamisha Juni iende Novemba

Turudi kwenye magunia. Kwanza, njia rahisi ya kuelewa ada kijijini ni kuipima kwa mazao. Gunia la alizeti likiuzwa 50,000, ada ya milioni moja ni magunia 20. Likiuzwa 80,000 ni magunia kumi na mawili na nusu. Mwanafunzi aliyepata mkopo wa ada yote anahitaji magunia ya mistari midogo, nauli na wiki za kwanza kabla bumu halijaingia. Andaeni angalau mwezi mzima wa chakula, maana bumu la kwanza halitoki siku ya kuripoti.

Pili, soma sharti la awamu kwenye mchanganuo wa malipo. Vyuo vingi huruhusu kulipa ada kwa mafungu mawili au zaidi, na kinachobana kweli ni mtihani wa mwisho wa semesta, kwa kuwa anayedaiwa hukosa ruhusa ya kuingia chumba cha mtihani. Mitihani ya semesta ya pili huangukia Juni au Julai, wakati wa mavuno. Kwa hiyo nusu ya pili ya ada inaweza kulipwa na mazao ya mwaka huo huo. Kinachotakiwa kuhifadhiwa kutoka mavuno yaliyopita ni nusu ya kwanza peke yake. Katika mfano wetu ni laki tano, au magunia kumi kwa bei ya chini.

Magunia hayo kumi yana maadui wengi kati ya Julai na Novemba: harusi, msiba, bodaboda ya mkopo, panya. Yakishageuzwa kuwa noti ndani ya nyumba, fedha haimalizi miezi minne. Iwekwe SACCOS au kikundi cha hisa kinachovunja sanduku Oktoba, na katiba ya kikundi iseme hivyo. Wengine huigeuza kuwa mifugo. Kuku wa kienyeji wa Singida wana soko hadi Dar es Salaam, na mahitaji hupanda kuelekea Krismasi na mwaka mpya, lakini mdondo ukiingia bandani umekula ada. Mkulima wa vitunguu anayeuza soko la Misuna ana nafasi ya ziada, kwa kuwa anayemwagilia anaweza kupanga kuvuna zaidi ya mara moja.

Tatu, pima umbali. Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Singida, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo hapa mkoani ambapo mtu husoma huku akiendelea na kazi. Kijana anayetaka uhasibu na anaishi Manispaa anaweza kuokoa sehemu kubwa ya zile 2,400,000 kwa kulala kwao. Anayetaka uhandisi au udaktari hana budi kusafiri, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko umbali wa kilomita kama 240 kwa lami, ambapo gunia la unga na viazi hufika kwa basi kwa gharama ndogo kuliko kuvinunua mjini.

Nne, mkikwama, andikeni barua mapema. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi na ya mhasibu wa chuo husikiliza kwa urahisi barua ya Novemba inayotaja kiasi na tarehe kuliko kilio cha Februari mlangoni mwa chumba cha mtihani. Iwe na sahihi ya mtendaji, itaje kwamba mzazi ni mkulima, iseme nusu ya kwanza italipwa lini na ya pili baada ya mavuno ya Juni. Kuahirisha mwaka kwa maandishi pia kunaruhusiwa na vyuo, na kunamhifadhia mtu nafasi yake. Kuondoka kimya kunaipoteza.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Wanafunzi wengi wa nchi hii wanatoka kaya zinazoishi kwa mazao, na mavuno hayaji mwezi mmoja kila mahali. Korosho ya Mtwara huuzwa Oktoba na kuendelea, alizeti yetu Juni. Chuo kinachoweka tarehe moja ya malipo kwa wote kimeshachagua nani atateseka. Kumruhusu mwanafunzi achague, siku ya usajili, awamu zake zianguke lini ndani ya mwaka uleule hakukipunguzii chuo shilingi hata moja. Mpaka hilo litakapofanyika, kikao cha ada cha familia ya Singida kiitwe Mei, kabla ya mnunuzi wa kwanza kufika, na ajenda yake iwe moja: magunia mangapi hayauzwi kwa jambo lolote lingine.